Simu ya Mama ilipoacha kulia

Kliniki ya macho ilipiga simu nyumbani kwetu mara tatu, siku tatu mbalimbali, ikakosa mtu. Kisha ikaja barua: nafasi ya Mama amepewa mgonjwa mwingine, asubiri apangiwe upya. Siku zote hizo tatu Mama alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hatua mbili kutoka kwenye simu, tasbihi mkononi. Simu haikulia hata mara moja.

Niliposoma ile barua niliumia. Mama hana simu ya mkononi na haitaki. Macho yake hayaoni tena maandishi ya kwenye kioo, na kidole chake kikigusa kioo hajui amegusa nini. Anayo simu moja tu anayoiamini, ya vitufe vikubwa, ya miaka ya 1980, nzito kama jiwe la kusagia, yenye kengele ya chuma ndani. Vitufe vyake anavijua kwa kupapasa. Simu hiyo ikinyamaza, Mama amekatwa na dunia.

Niwaeleze kwanza ilivyofungwa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Tunaishi Leicester. Nyumba ina laini ya mezani ya waya wa shaba, na namba yake ndiyo iliyoko kwa daktari, msikitini, na kwa kina mama wote ambao Mama amejuana nao hapa. Papo hapo tuna akaunti ya simu za intaneti, kwa sababu kumpigia khalati, dada yake Mama, Mombasa kwa laini ya kawaida kungetumaliza. Sikutaka Mama awe na simu mbili na kukumbuka ipi ya wapi. Kwa hiyo katikati nimeweka adapta, Linksys SPA3102, kijisanduku cha kutosha kiganjani. Ni cha zamani, hakitengenezwi tena, nami nilikinunua kikiwa kimeshatumiwa. Nakipenda kwa sababu kina tundu ambalo adapta nyingi za siku hizi hazina. Tundu la Phone linapokea simu yako, na tundu la Line linapokea laini ya ukutani. Mawili mengine ni ya ruta na kompyuta.

Ndani yake nimekipa utaratibu. Namba ikianza na 00 ipite kwenye intaneti, na namba nyingine yoyote itoke kwa laini ya shaba. Namba ya dharura, 999, nimeiandikia mstari wake peke yake, mwisho wake nimeweka «@gw0», ambayo ni amri ya kuielekeza kwenye laini ya shaba. Hilo sikuliacha kwa bahati. Kwenye laini ya shaba wanajua simu imetoka nyumba gani.

Basi simu ilikuwa inapiga lakini hailii. Mama alikuwa akimpigia khalati kila jioni kama kawaida, wanazungumza mpaka chai inapoa, ndiyo maana hakuna aliyeshuku kitu. Ukiinua mkonga unasikia mlio wa laini. Ukipiga unapata. Ila hakuna anayekupata wewe.

Kosa langu lilikuwa kuanzia mahali nilipopajua zaidi. Mimi kazi yangu ni ya kompyuta, nikaenda moja kwa moja kwenye ruta. Usiku wa kwanza nilizima SIP ALG, ile huduma ya ruta inayojitia kurekebisha ujumbe wa simu za intaneti na mara nyingi ikauharibu. (Izimeni hata kama simu zenu ni nzima. Ndiyo inayoleta yale ya mmoja kusikia na mwenzake hasikii.) Usiku wa pili niliongeza ujumbe mdogo unaotumwa kila baada ya sekunde 15 ili ruta isisahau njia ya kurudi nyumbani, nikafungua kwenye ruta milango ya mtandao namba 5060 na 5061, nikawasha na kuzima kila kitu. Ukurasa wa adapta ulikuwa umeandika «Registered», yaani seva inanitambua, na bado kengele kimya. Mama akaniuliza kutoka kitini, «Imekufa, mwanangu?» Nikamwambia haijafa. Sikuwa na hakika.

Marehemu Baba alikuwa fundi wa simu Mombasa, enzi za Kenya Posts and Telecommunications, lile shirika la serikali lililozaliwa 1977 Jumuiya ilipovunjika na likagawanywa 1999. Likizo za shule nilikuwa nikimfuata, mimi mtoto wa kike nimebeba koili ya waya, yeye na simu yake ya majaribio yenye koleo mbili zinazoning'inia. Mtu akilalamika simu yake imekufa, Baba hakuingia ndani. Alisimama kwenye kisanduku cha ukutani, akazitenga waya za nyumba na waya za barabarani, akabana koleo upande wa barabarani, akasikiliza. Ukisikia mlio, ugonjwa uko ndani. Usiposikia, uko nje, panda nguzo. Kisha upande wenye ugonjwa anaukata tena katikati, na tena, mpaka kinabaki kipande cha waya urefu wa mkono. Sikumbuki akibahatisha.

Usiku wa tatu nikafunga kompyuta, nikapiga magoti chini ya ngazi na tochi.

Nilianza na simu yenyewe. Niliichomoa kwenye adapta nikaibeba mpaka soketi kuu ya ukutani, pale laini ya shaba inapoingilia nyumbani, nikaichomeka hapo moja kwa moja. Nikapiga namba ya nyumbani kwa simu yangu ya mkononi. Kengele ikalia mpaka Mama akashtuka. Jaribio moja hilo liliniondolea mashaka mawili: simu ni nzima, na laini ya barabarani ni nzima. Ugonjwa uko kati ya soketi na simu, na hapo kati kuna vitu vitatu tu, waya wa kuingia kwenye adapta, adapta, na waya wa kutoka.

Kisha nikaichukua simu ya kisasa ya kijana wangu, ile isiyo na waya, nikaichomeka kwenye tundu la Phone. Nikampigia khalati Mombasa, nikamwomba atupigie kwa namba ya intaneti. Ikalia. Nikairudisha simu ya Mama pale pale, khalati akapiga tena. Kimya. Ninapouinua mkonga namsikia, «Haloo? Mwasikia?»

Simu moja inalia, nyingine hailii, tundu ni lile lile. Hapo ndipo nilipokiangalia vizuri kile kiunganishi kidogo cha plastiki. Plagi ya simu ya Kiingereza ni bapa na ina kikulabu ubavuni, haiingii kwenye tundu dogo la adapta, kwa hiyo lazima uweke kiunganishi. Wiki mbili kabla ya haya tulikuwa tumepaka rangi sebuleni, tukahamisha kila kitu chini ya ngazi, na kiunganishi cha zamani kilikanyagwa kikavunjika. Nilinunua kingine sokoni. Kwa macho vinafanana.

Simu za zamani za nchi hii zina jambo ambalo simu za kwetu hazikuwa nalo. Kengele yake haiko kwenye waya mbili za kawaida za mazungumzo. Ina waya wake wa tatu, na umeme wa kuigonga unapitia kapasita, kijifaa cha umeme, ya mikrofaradi 1.8 iliyofungwa ndani ya soketi kuu ya ukutani, si ndani ya simu. Soketi moja kuu, kapasita moja, simu zote za nyumba zinakula hapo. Ukiichukua simu kama hiyo ukaichomeka kwenye adapta, umeiondoa kwenye soketi yenye kapasita. Mazungumzo yatapita, kupiga utapiga, mlio wa laini utausikia. Ule waya wa tatu unaning'inia hewani na kengele haipati kitu. Simu za kisasa hazijali, kwa sababu zenyewe zinachukua mlio kwenye waya mbili.

Kiunganishi kilichovunjika kilikuwa na kapasita ndani yake. Hiki kipya ni plastiki na waya tu. Nilikipasua kwa bisibisi nihakikishe, na ndivyo kilivyokuwa. Vyenye kapasita vinauzwa, vimeandikwa «master», na bei haipishani sana. Yeyote mwenye simu ya zamani ya Kiingereza kwenye adapta ya intaneti, tafadhali lianzie hapa kabla ya kugusa ruta. Mimi nilipoteza siku mbili, na Mama alikuwa ameshapoteza nafasi ya macho.

Nilidhani nimemaliza. Kiunganishi kipya kikafika, nikachomeka, khalati akapiga, kengele ikalia. Nikapiga namba ya mezani kwa simu ya mkononi. Sikioni mwangu nasikia inaita, inaita. Sebuleni kimya.

Kulikuwa na ugonjwa wa pili, na ule wa kwanza ulikuwa umeuficha. Na huu ndio uliowakosesha watu wa kliniki, maana wao walipiga laini ya mezani.

Adapta hii ina tabia moja ambayo Baba angeipenda. Ukiikata umeme, swichi ndogo ndani yake inaunganisha tundu la Phone na tundu la Line moja kwa moja, kana kwamba adapta haipo. Imetengenezwa hivyo ili umeme ukikatika uendelee kupata laini ya shaba. Kwa fundi ni zaidi ya hapo, ni koleo za Baba hizo. Nikachomoa umeme, nikainua mkonga. Hakuna mlio. Ule mlio tuliokuwa tukiusikia siku zote haukutoka barabarani, ulikuwa unatengenezwa na adapta yenyewe. Simu za khalati zilipita kwenye intaneti, na kwa wiki mbili Mama hakuwa na sababu ya kupiga namba ya hapa mjini. Laini ya shaba ilikuwa imekatika ndani ya nyumba yetu nasi hatuna habari.

Nikarudisha umeme na kusoma ukurasa wa adapta. Msiojua jinsi ya kuufikia: inueni mkonga, bonyezeni nyota nne, kisha 110 na alama ya reli, sauti itawasomea anwani ya IP, muiandike kwenye kivinjari. Mkiwa upande wa tundu la ruta ukurasa huenda ukakataa kufunguka, basi rudieni nyota nne, 7932 na alama ya reli, kisha 1 na alama ya reli. Chini ya «PSTN Line Status» kuna mstari wa «Line Voltage». Laini ya shaba iliyotulia huwa na volti kama 50. Wangu ulisema sifuri.

Kimebaki kipande cha waya urefu wa mkono, kama Baba alivyokuwa akisema. Nilipohamisha adapta, waya wake haukufika chini ya ngazi, nikachukua mrefu kwenye droo. Nilizichukua ncha mbili nikazishika karibu na taa. Ncha ya ukutani ni sawa. Ncha ya adapta ina plagi ndogo ya plastiki angavu, na ndani yake unaziona waya kwa macho. Adapta inataka waya mbili za katikati. Huu wa droo ulikuja na simu fulani ya zamani, na waya zake mbili ziko pembeni. Unaingia vizuri, unasikia «tak», na hakuna shaba inayogusana na shaba.

Waya sahihi ni ule unaouzwa kwa ajili ya modemu. Niliuweka, nikafungua upya ukurasa: volti -49. Nikapiga namba ya nyumbani.

Mama aliinua mkonga akasema, «Nani mwenzangu?» Nikamjibu nikiwa nimepiga magoti chini ya ngazi, kuna ukuta mmoja baina yetu, «Ni mimi, Mama.» Akacheka. Mimi nililia kidogo, sina haja ya kulificha.

Kesho yake akaniambia anasikia sauti yake inamrudia akizungumza na watu wa hapa mjini. Mwangwi huo chanzo chake ni upinzani usiolingana. Adapta inatoka kiwandani ikiwa imewekwa omu 600, na laini za Uingereza hazifanani na hivyo. Sehemu ya sauti inagonga mwisho wa waya na kurudi. Kwenye simu iliyo kwenye waya mtupu inarudi haraka mno, sikio halitofautishi, lakini adapta inapoigeuza kuwa tarakimu inaichelewesha, na sasa unasikia mtu wa pili akikuiga. Kwenye orodha ya «FXO Port Impedance», yaani upinzani wa tundu la Line, nilichagua 370+620||310nF, na kwa tundu la simu vivyo hivyo, kisha nikapunguza kidogo nguvu ya sauti inayokwenda kwenye laini. Ukakoma. Nilipokuwa hapo hapo nikaweka kengele iende kama alivyoizoea: mlio wa sekunde 0.4, kimya 0.2, mlio 0.4, kimya sekunde 2, kwa hezi 25. Kri-kri, kri-kri. Mama hakuambiwa, lakini alisema simu «imerudi sauti yake».

Simu ya kijana wangu nimeiacha jikoni kwenye tundu hilo hilo, na kwa ajili yake nilibadilisha njia ya kuonyesha namba ya anayepiga. Marekani namba hutumwa kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Uingereza laini hugeuza kwanza chanya na hasi, namba ikatumwa, ndipo mlio wa kwanza uanze. Kwenye orodha chagueni ile yenye «UK» mwishoni.

Sasa kuna jambo linaloninyima usingizi zaidi ya hayo yote. Hizi laini za shaba zinaondolewa. Tangu Septemba 2023 Openreach, kampuni yenye mtandao wa waya za simu hapa, haiuzi tena laini mpya za aina hiyo, na mtandao wote wa zamani umepangwa kuzimwa mwishoni mwa Januari 2027. Kwanza ilikuwa Desemba 2025, wakaahirisha, na sababu kubwa ilikuwa watu kama Mama, wazee na wagonjwa wenye vifaa vya kuitia msaada vinavyotegemea laini hiyo. Baada ya hapo tundu la Line kwenye adapta yangu halitakuwa na la kufanya. Namba ya Mama itahamia kwenye intaneti, na ule umeme wa volti 50 uliokuwa ukija na waya kutoka kituoni, hata mtaa mzima ukiwa gizani, hautakuja tena.

Kwa hiyo nimeanza mapema. Jirani yangu mzee wa Kigujarati alifunga laini yake kwanza, akifikiri namba ataihamisha baadaye, akaipoteza. Namba ihamishwe laini ikiwa bado hai. Huko kuhamishwa ndiko kunakoifunga laini. Na nimenunua betri ndogo ya kulisha ruta na adapta kwa pamoja. Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza, inawataka watoa huduma wampe mteja anayetegemea simu ya mezani njia ya kupiga namba ya dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Saa moja kwa mtu wa miaka 81 aliye peke yake, binti yuko kazini, naiona ndogo.

Jumapili iliyopita nilifanya majaribio kama vile shaba haipo. Nilichomoa waya wa ukutani kwenye tundu la Line, nikashusha swichi kuu ya nyumba. Friji ikanyamaza, taa za ruta zikabaki zinawaka. Nilikuwa nimempanga khalati apige kila baada ya nusu saa, na Mama nilimweleza tunachofanya ili asiogope. Nusu saa ya kwanza kengele ikalia. Saa moja, ikalia. Saa moja na nusu, saa mbili. Saa mbili na nusu tukangoja, haikulia. Betri ilikuwa imekwisha.

Mama aliuliza ni muda gani. Nikamwambia saa mbili na kidogo. Akafikiri, akasema, «Basi nunua ya pili.»

Nimeshaagiza.